Je, Wajua? Skrubu Ndogo Ndani ya Taya Lililo Hai

Je, wajua kwamba ile mistari myeusi inayobaki mchangani Mambrui maji yakishakupwa ina madini ambayo madaktari wa meno huyatia vinywani mwa wagonjwa wao? Sehemu kubwa ya weusi ule ni ilmenaiti, na ndani ya ilmenaiti mna titaniamu. Kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilipoupima mchanga wa Pwani ya Kenya miaka ya 1990, iliorodhesha sehemu nne zenye madini hayo: Kwale, Vipingo, Sokoke na Mambrui. Kwale ndiko kulikochimbwa, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024.

Wajua pia kwamba titaniamu iligunduliwa kwenye mchanga mweusi wa namna hiyo hiyo? Mwaka 1791 kasisi Mwingereza, William Gregor, aliuchunguza mchanga wa kijito huko Cornwall uliokuwa ukivutwa na sumaku, akakuta ndani yake kitu kisichojulikana. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya William Kroll wa Luxembourg kupata njia ya kukitoa kwa wingi kikiwa chuma safi. Hata leo, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za madini hayo hazifanywi chuma. Hugeuzwa kuwa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba, karatasi na dawa nyingi za meno.

Hicho kidogo kinachofanywa chuma ndicho tunachokizungumzia leo: skrubu ndogo za kunyooshea meno. Upana wa skrubu moja ni kama milimita 1.2 hadi 2, na urefu wake milimita 6 hadi 12. Karibu asilimia 90 ni titaniamu, asilimia 6 ni alumini na asilimia 4 ni vanadiamu. Daktari huipenyeza kwenye ufizi mpaka mfupani, kati ya mizizi ya meno au kwenye kaakaa, kwa dakika chache tu. Kisha huiunganisha na nyaya za meno kwa mpira au springi. Si jino la bandia, wala haikusudiwi kukaa milele.

Je, wajua inahitajika kwa nini? Fikiria madau mawili yanayoelea kwenye hori la Kilifi, yamefungwa kwa kamba moja. Ukiivuta kamba, hakuna dau linalobaki mahali pake. Yote mawili husogeleana. Meno nayo ni vivyo hivyo: ukiyavuta ya mbele yarudi nyuma kwa kuyategemea magego, magego nayo huja mbele. Isaac Newton aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1687. Lakini ukiifunga kamba kwenye mkoko uliokita mizizi ufukweni, dau peke yake ndilo litakalosogea. Skrubu hutiwa mfupani iwe mkoko huo.

Majaribio ya mwanzo hayakufua dafu. Mwaka 1945, Gainsforth na Higley huko Marekani waliwatia mbwa skrubu za chuma kiitwacho vitaliamu kwenye mataya. Zote zililegea ndani ya muda wa mwezi mmoja hivi. Mwaka 1983, Creekmore na Eklund walimtia mgonjwa skrubu chini ya pua na kuyapandisha meno yake ya mbele kwa takriban milimita 6 katika mwaka mmoja. Mwaka 1997 Mjapani Ryuzo Kanomi akaeleza skrubu nyembamba ya milimita 1.2 inayoweza kupita katikati ya mizizi. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Sasa tufike kwenye kiini. Je, wajua kwamba skrubu hiyo haishiki kwa nguvu ile ile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho?

Siku inapotiwa, nyuzi zake huuma mfupa, na mfupa hubanwa ukaikaza. Huo ndio uthabiti wa kwanza, na wote ni kazi ya chuma. Mgonjwa anapotoka kliniki siku hiyo, yaelekea skrubu yake imeshika kuliko itakavyoshika siku nyingi za mwezi unaofuata. Watu wengi hudhani mambo ni kinyume: kwamba siku ya kwanza ndiyo ya hatari, na kila siku inayopita huongeza usalama.

Kisha mshiko huanza kupungua, hata pale ambapo daktari na mgonjwa hawakukosea chochote. Mfupa uliobanwa kupita kiasi kandokando ya nyuzi, na ule uliopata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, hufa. Mwili hauuachi mfupa mfu ukae. Hutuma seli za kuula na kuuondoa. Nyuma yake huja seli nyingine za kujenga, ila ujenzi ni wa polepole kuliko ubomoaji. Kwa hiyo kuna majuma ambapo mfupa wa zamani umeshapungua na mpya bado ni laini, umefumwa haraka haraka bila mpangilio. Vipimo vingi huonyesha kwamba mshiko hufika chini kabisa karibu na wiki ya tatu. Baada ya hapo mfupa mpya hukomaa na kujipanga tabaka juu ya tabaka, na mshiko hupanda tena. Sasa kinachoishikilia skrubu ni mfupa ulioizunguka na kuikubali. Wataalamu huuita huo uthabiti wa pili.

Ningependa kila mzazi anayempeleka mwanawe kutiwa skrubu aambiwe habari hiyo ya wiki ya tatu waziwazi, kabla ya kazi kuanza. Skrubu nyingi zinazong'oka hung'oka katika miezi ya mwanzo. Mgonjwa anayejua hivyo haachi kusafisha kwa sababu tu maumivu yameisha, wala haichezei skrubu kwa ulimi au kidole akidhani imeshakuwa sehemu ya taya.

Haraka haraka sasa.

Wajua kwamba kukaza sana ni kubaya kama kukaza kidogo? Mwaka 2006 Motoyoshi na wenzake huko Japani walipendekeza nguvu ya kuzungushia iwe kati ya nyutoni-sentimita 5 na 10. Ikipungua hapo, skrubu haikushika. Ikizidi, mfupa umeumizwa, na mshiko utashuka zaidi ifikapo wiki ya tatu.

Wajua kwamba joto linaweza kuua mfupa papo hapo? Nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja zinatosha; Eriksson na Albrektsson walilionyesha hilo mwaka 1983. Ndiyo maana daktari anapotoboa mfupa mgumu wa taya la chini huenda polepole na kumwagia maji.

Wajua kwamba taya la chini, lenye mfupa mgumu zaidi, ndilo linalopoteza skrubu nyingi zaidi? Ugumu huleta joto na mbano, na ufizi wa huko una sehemu nyingi laini zinazochezacheza. Kaakaani, ambako ufizi ni mgumu na umetulia, skrubu hudumu vizuri.

Na wembamba? Miyawaki na wenzake walipochapisha matokeo yao mwaka 2003, skrubu zote za upana wa milimita 1 zilikuwa zimeshindwa. Za milimita 1.5 zilifaulu kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa jumla, tathmini ya mwaka 2012 iliyokusanya skrubu 4,987 kutoka kwa wagonjwa 2,281 ilikuta kwamba asilimia 13.5 hushindwa. Hiyo ni kama moja katika kila saba au nane. Nakuomba uikumbuke hesabu hiyo kabla hujamlaumu daktari, na kabla daktari hajakulaumu wewe.

Je, wajua kwamba hata skrubu iliyofaulu husogea? Mwaka 2004 Eric Liou na wenzake wa Taiwan waliwachunguza wagonjwa 16, na kwa saba kati yao skrubu zilikuwa zimehama, nyingine kwa milimita 1.5, bila kulegea wala kung'oka. Mfupa uliendelea kujibomoa na kujijenga huku skrubu ikivutwa, ikawa inasafiri nao taratibu. Tangu hapo wataalamu hushauri ziachwe milimita 2 kati ya skrubu na mzizi wa jino, mshipa wa damu au neva.

Huenda ukajiuliza daktari hujuaje kama skrubu imeshika. Kliniki nyingi hutumia kibano: huigusa, huitikisa kidogo, basi. Maabara zina njia bora, ya kuitetemesha skrubu na kuusikiliza mtetemo wake. Ikishika sana hutetema kwa kasi zaidi. Vifaa hivyo vilibuniwa kwa ajili ya meno ya kupandikiza, ambayo ni makubwa, kwa hiyo kwa skrubu ndogo huhitaji kiunganishi maalumu.

Hapa pana jambo ambalo magazeti hulikosea mara kwa mara. Tafiti nyingi za mshiko zilifanywa kwa sungura na mbwa. Mzunguko mmoja wa mfupa kubomolewa, kujengwa na kukomaa huchukua takriban wiki 6 kwa sungura, wiki 12 kwa mbwa, na wiki 17 kwa binadamu. Basi ukisoma kwamba mfupa umepona baada ya wiki kadhaa, tafuta kwanza ni mfupa wa nani.

Je, wajua kwamba mwili hukubali titaniamu kwa sababu ya utando ambao hakuna aliyeupaka? Chuma hicho kikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa tabaka la oksaidi lenye unene wa nanomita chache tu. Mfupa hukutana na tabaka hilo. Msweden Per-Ingvar Brånemark alitambua kwamba mfupa hushikamana na titaniamu mwaka 1952, alipotaka kutoa vyombo vya titaniamu alivyokuwa amevitia kwenye mifupa ya sungura, vikakataa kutoka. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alikaa nayo mpaka alipofariki mwaka 2006. Skrubu ndogo huachwa na uso laini ili mfupa usiigandamane namna hiyo, kwani lazima ije itoke.

Na Malindi je, ina habari gani na meno yanayolegea? Ina habari nzito. Meli za Vasco da Gama zilipokuwa zikirudi kutoka India, zilikaa baharini karibu miezi mitatu, kuanzia Oktoba 1498. Mabaharia wakapatwa na kiseyeye. Fizi zao zilivimba mpaka zikayafunika meno, wakashindwa kula. Wapatao 30 walikufa njiani. Tarehe 7 Januari 1499 walitia nanga Malindi, wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Mfalme wa Malindi akawaletea, pamoja na matunda mengine. Kwa wengi ilikuwa kuchelewa. Walifia hapa hapa.

Sababu yake ndiyo hiyo hiyo ya skrubu. Jino halikukazwa mfupani moja kwa moja. Limening'inizwa na nyuzi za kolajeni, na nyuzi hizo hubomolewa na kufumwa upya kila siku. Bila vitamini C mwili hauwezi kufuma kolajeni imara, lakini ubomoaji hauachi. Jino la baharia yule lililegea kwa sababu matengenezo yalisimama. Hata leo mfupa unaoizunguka skrubu huanza kwa kufumwa kolajeni, kisha ndipo madini huwekwa. Machungwa, maembe na mapera ya Malindi yana kazi kinywani inayozidi utamu.

Je, wajua kwamba mtoto mkongwe kuliko wote aliyezikwa Afrika, kwa tunavyojua, alikutwa Kilifi, na alitambuliwa kwa meno? Katika pango la Panga ya Saidi watafiti walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa hapo miaka 78,000 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imeoza ikawa kama vumbi, hata ikabidi udongo wote ufungwe kwa plasta na kupelekwa maabara. Meno yalikuwa bado na umbo la kusomeka. Habari zake zilichapishwa mwaka 2021, na wakampa jina la Mtoto. Meno yana ganda gumu lisilojijenga upya, nayo mifupa hudumu imara kwa kujijenga upya tukiwa hai.

Wajua kwamba matumbawe ya jamii inayopatikana Malindi na Watamu hutumika kuziba mapengo ya mfupa? Jamii yenyewe ni Porites, ile inayoota kama mawe makubwa ya mviringo. Vitundu vyake vimeunganishwa vikawa karibu sawa na vya mfupa wenye sponji, na kiunzi chake ni kalisi. Kipande kilichosafishwa kikitiwa mfupani, mishipa ya damu hupita vitunduni, na mfupa hukimeza taratibu na kuchukua nafasi yake. Tumbawe moja la Porites la Malindi liliwapa wanasayansi kumbukumbu ya joto la bahari ya miaka 194, kuanzia 1801. Ya kwetu yanalindwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na asiende mtu huko na nyundo.

Je, wajua kuhusu selimundu, au siko seli kama tunavyozoea kuiita? Ugonjwa huu umeenea Kilifi kwa sababu ya malaria. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa, na taya lake huguswa pia. Uboho hupanuka ili kutengeneza damu zaidi, taya la juu likatokeza mbele, na mfupa unaweza kukosa damu au kupata maambukizi. Mtoto kama huyo akitaka kunyoosha meno, daktari sharti ajue mapema na ashauriane na wale wanaomtibu damu. Usilifiche jambo hilo kwa kuona halihusiani na meno.

Sasa usafi, maana hapo ndipo mgonjwa ana uwezo mkubwa. Ufizi unaovimba kuizunguka skrubu ni miongoni mwa sababu kubwa za kung'oka. Mswaki laini, polepole, kuzunguka kichwa cha skrubu, asubuhi na usiku. Maji vuguvugu ya chumvi husaidia siku za mwanzo, na chumvi haiko mbali: sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka kwenye madimbwi ya Gongoni hadi Kurawa, kaskazini ya Malindi.

Mswaki wa mti je? Shirika la Afya Duniani limeuunga mkono tangu mwaka 1986, na ni mzuri kwa meno. Lakini nyuzi zake ngumu zisisuguliwe juu ya ufizi wenye skrubu changa.

Mabuyu ya rangi, kashata na achari zenye sukari hunata pale pale tusipopaona. Muguka nao, ambao Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kuupiga marufuku na suala likafika kortini, hukaa shavuni saa nyingi, na majani yaliyosagika hujishika kwenye kila kitu kilichotokeza. Sigara ni mbaya zaidi: wavutaji wakubwa hupoteza skrubu nyingi kuliko wasiovuta.

Je, wajua kwamba umbali ni sehemu ya tiba? Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, lakini mabingwa wa kunyoosha meno bado ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Kwa mgonjwa wa Malindi, Mombasa ni kilomita 120 hivi kwa matatu. Kwa hiyo, anayetiwa skrubu mjini aondoke na tarehe ya kurudi inayoangukia ndani ya zile wiki tatu nne, pamoja na nambari ya kupiga iwapo skrubu itaanza kucheza. Skrubu inayocheza kidogo pengine huokolewa kwa kupunguziwa mvuto. Ikiachwa mwezi mzima, huanguka.

Wajua kwamba si kila mwanya ni wa kuzibwa? Kwa Waswahili mwanya wa mbele ni uzuri, na mwenye nao husifiwa. Kama meno yanatafuna vizuri na fizi ni nzima, sioni sababu ya kumtia kijana skrubu kwa ajili ya picha za watu wa mbali.

Je, wajua kwamba kuitoa skrubu ni kwepesi kuliko kuitia? Mara nyingi ganzi ya kupaka hutosha, au hata haihitajiki. Huzungushwa kinyume ikatoka, haishonwi, na ufizi hufunga baada ya siku chache. Tundu la mfupani hujazwa na seli zile zile za ujenzi.

Lakini meno yenyewe hutaka kurudi yalikotoka. Kaare Reitan wa Norway alionyesha mwaka 1959, kwa mbwa, kwamba nyuzi za ufizi zilikuwa bado zimevutika siku 232 baada ya jino kuzungushwa, wakati mfupa wa chini ulikuwa umeshajipanga upya zamani. Ndiyo sababu baada ya skrubu na nyaya kutolewa mgonjwa hupewa kifaa cha kuyashikilia meno, na hutakiwa kukivaa, hasa usiku, kwa mwaka na zaidi. Bei ya kifaa hicho iulizwe mwanzoni, pamoja na bei ya skrubu, kwa sababu kliniki nyingine huihesabu mbali.